Full board ya siku tatu Serengeti: chakula kilinishinda mimi, usingizi ukamshinda mke wangu

Wakuu, nawasalimu wote, walioamka salama na wanaosoma huku wamejilaza.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe na mke wangu. Sina sababu ya kutia chumvi. Aliyekuwepo pale siku zile akipita hapa atajua ni sisi.

Nimeona humu watu wanauliza kama hivi vifurushi vya hoteli vya kulipia chakula chote kabla vina faida, au unalipia chakula usichoweza kukimaliza. Nikasema ngoja nisimulie yangu, maana jibu langu haliko kwenye sahani peke yake.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, naishi Kewanja, hapa jirani na mgodi. Mke wangu mumjue kwa jina la Mama Chacha. Ana mgahawa. Aliuanza mtoto wetu wa kwanza akiwa anatambaa, na sasa huyo mtoto ana ndevu.

Saa kumi alfajiri ameshawasha moto. Chapati, supu na uji kwa wanaoingia shifti ya asubuhi. Mchana wali maharage. Jioni ugali na nyama, na kichuri siku akipata matumbo mazuri ya mbuzi. (Asiyekijua kichuri: ni supu yetu chungu Wakurya, ukizoea huachi.)

Katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akikaa chini kula. Anakula amesimama, kijiko mkono mmoja, mwiko mkono mwingine.

Sasa mwaka huu, asubuhi moja, akaanguka pembeni ya jiko. Wateja ndio waliomnyanyua. Nilipofika nikakuta bado ameshika unga kiganjani, amekikunja kama mtoto aliyeshika pipi.

Hospitali wakapima, presha iko juu sana. Daktari akamwambia, "Mama, dawa nitakupa. Lakini hii dawa bila kupumzika ni kujidanganya."

Akapumzika siku mbili. Siku ya tatu nikasikia sufuria.

Nikamwambia binti yetu Ghati, yuko Mwanza kikazi. Yeye na kaka yake wakashauriana, wakaona mama yao akibaki nyumbani hatapumzika, watu watamgongea hata dirishani. Wakatulipia siku tatu kwenye kambi ya mahema huko upande wa Ikoma, nje kidogo ya geti la hifadhi. Full board. Yaani kifungua kinywa, chakula cha mchana, chai ya saa kumi na chakula cha jioni, vyote vimeshalipwa kabla hujafunga begi.

Wakuu, sisi tumezaliwa Mara, tumezeeka Mara, na tulikuwa hatujawahi kulala kwenye hoteli ya watalii. Wanyama tunawajua kwa kutukanyagia mahindi.

Tukaondoka asubuhi, tukapita daraja la Mto Mara, tukaingia Nyansurura alikozaliwa bibi yake mke wangu. Pale Mama Chacha akageuza shingo akaangalia mashamba mpaka yakapotea nyuma ya vumbi. Tulifika kambini kabla ya saa saba mchana.

Sasa tuje kwenye chakula.

Tulikaribishwa mezani na dada mmoja anaitwa Juliana, mwenyeji wa Issenye, mtu mzima kidogo, ana sauti ya pole. Akasema, "Shikamoo mama, shikamoo baba. Bafe iko wazi, karibuni mjihudumie."

Meza ndefu wakuu. Supu ya maboga. Mikate aina nne. Kuku, samaki, nyama ya ng'ombe, wali wa aina mbili, viazi vilivyookwa, mboga ambazo nyingine sizijui. Mwisho kabisa matunda na keki.

Mama Chacha akasimama pale na sahani tupu. Akaninong'oneza, "Kuna msiba au kuna harusi?"

Nikamwambia ni chakula cha kawaida cha mchana.

"Cha watu wangapi?"

Nikahesabu, pale ndani tulikuwa watu tisa.

Alichukua wali kidogo na kipande cha samaki. Alipomaliza nusu akanyanyuka akaanza kukusanya vyombo, vya kwetu na vya meza ya jirani. Juliana akaja mbio. "Mama, kaa tafadhali. Hiyo ni kazi yangu."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ule tu, mama."

Akakaa. Akaangalia mikono yake juu ya kitambaa cheupe kama vile ni vitu vya mtu mwingine kavisahau pale. Kisha akasema, "Baba Chacha, nimechoka." Tukaenda kwenye hema, akalala.

Mahema yale si kama haya ya sokoni. Ni chumba kamili, kitanda kikubwa, na mbele kuna kibaraza unaona nyasi mpaka macho yanaishiwa. Upepo ukipita, turubai linapumua ndani na nje, polepole. Mwanga unaingia wa rangi ya asali. Mke wangu alikuwa katikati ya mwanga ule, mdogo kuliko nilivyomzoea.

Saa kumi nikamwamsha. Chai na keki zimetoka. Akaja macho yamejaa usingizi, akanywa nusu kikombe.

Saa moja jioni nikamwamsha tena. Chakula cha jioni, na hicho ni kikubwa kuliko cha mchana. Akala vijiko vitano.

Mimi nikala changu, nikala na chake. Mnanielewa wakuu, kitu kimeshalipwa, na waliolipa ni watoto wako. Kukiacha niliona kama dharau.

Asubuhi saa kumi na mbili nikamwamsha tena. Mayai, soseji, chapati za maji, maharage, mtindi. Nikala mpaka mkanda ukalalamika.

(Samahani, mteja kaja na geti lake. Nimerudi, naendelea.)

Siku ile ya pili tulikuwa na game drive, yaani kuzunguka hifadhini kwa gari kuangalia wanyama. Jikoni wakatupa boksi la chakula kila mmoja. Fungua uone: paja la kuku, mayai mawili, mkate wenye nyama, ndizi, chungwa, keki, juisi, karanga. Boksi moja linatosha shifti nzima ya mafundi wangu.

Ulikuwa msimu nyumbu wanapita upande huu. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaondoka, na ndani ya ukungu kulikuwa na migongo. Migongo tu, inasogea, haina mwanzo wala mwisho. Dereva akazima injini. Sauti yao ni kama wazee wengi wanakubaliana jambo kwa pamoja, mm, mm, mm. Walipita kushoto na kulia kwetu, mpaka ikawa kama wao wamesimama na gari letu ndilo linaelea.

Nikageuka nimwambie mke wangu aone. Alikuwa amelala. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, nyumbu wanapita kwenye uso wake kwa vivuli.

Nikamtazama muda. Kisha wakuu, nikanyoosha mkono nikauweka karibu na pua yake.

Pumzi ilikuwepo. Nikarudisha mkono haraka, dereva asione.

Mchana tukafika sehemu wanaporuhusu kushuka kula. Dereva akaenda kuongea na madereva wenzake. Mimi nikafungua maboksi, nikapanga kila kitu, nikamtikisa bega. "Mama Chacha, amka ule."

Akafungua macho. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

Akasema taratibu, "Baba Chacha, tangu umenioa, chakula ndicho kinaniamsha. Hata huku kinaniamsha?"

Nikabaki nimeshika yai.

Nilitaka kumjibu kwamba watoto wamelipa, kwamba ni hasara, kwamba daktari alisema ale vizuri. Lakini hayo hayakuwa kweli, au yalikuwa kweli nusu.

Ukweli nauandika hapa kwa kuwa hamnioni uso. Sikuwa namwamsha kwa ajili ya chakula. Nilikuwa namwamsha nione kama ataamka. Tangu siku ile alipoanguka pale jikoni, kila akifumba macho mimi nahesabu. Chakula kilinipa sababu ya kumgusa bega bila kumwambia naogopa.

Nikamwambia hivyo hivyo. Kwa Kikurya, maana kwa Kiswahili ningeona aibu.

Nyumbu walikuwa wanasikika kwa mbali. Akachukua lile yai mkononi mwangu, akalirudisha ndani ya boksi, akafunga mfuniko.

"Siendi popote," akasema. "Nina usingizi tu. Niache nilale."

Tuliporudi kambini akapanda kitandani na viatu vyake. Nikamvua. Nikaenda kumtafuta Juliana, nikamwambia mke wangu hatakuja kwenye chai wala chakula cha jioni, na mimi mwenyewe tumbo limegoma, kwa hiyo wasituwekee.

Nilidhani atashangaa. Akacheka kidogo. "Baba, wageni wengi wanakula kama vile wanadaiwa. Siku ya pili wote wanatuomba dawa ya tumbo. Mngetuambia toka mwanzo, tunapunguza. Cha jikoni kikibaki tunakula sisi, hakiharibiki. Kinachouma ni kile cha kwenye sahani, kile tunamwaga."

Nikakaa kibarazani jioni nzima bila kula kitu. Swala walikuwa mbele, jua likawaka kwenye masikio yao, likazima. Nyuma yangu turubai linapumua na mke wangu anapumua, na baada ya muda nikashindwa kutofautisha ipi ni ipi. Nikaacha kuhesabu. Sijui ni saa ngapi niliacha.

Siku ya tatu aliamka mwenyewe. Saa nne na nusu asubuhi! Kifungua kinywa kimeshafungwa, meza zimefutwa.

Akatoka kibarazani, nywele zimelala upande mmoja, akasema neno ambalo sikulisikia kwake tangu aanze kuumwa.

"Nina njaa."

Nikakimbia kwa Juliana. Bafe hakuna, lakini wafanyakazi walikuwa wanakunywa chai yao nyuma. Akatuletea kibarazani chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha, vya kwao wenyewe. Hivyo havikuwemo kwenye full board.

Mama Chacha akakaa kwenye kiti, akanyoosha miguu. Akamenya kiazi polepole. Akala kimoja. Akala cha pili. Wakuu, nimeishi naye miaka yote hii na nilikuwa sijui kwamba akila akiwa ametulia huwa anafumba macho.

Akanisimulia ndoto. Alikuwa kwenye shamba la mtama la bibi yake Nyansurura, amekaa juu ya kichanja kama zamani walipokuwa wanafukuza ndege. Mtama umeiva mpaka mwisho wa dunia. Ndege wakaja wengi, wakatua, wakaanza kula.

"Ukawafukuza?" nikamuuliza.

"Hapana. Niliwaangalia tu wanakula. Hakuna aliyeniita."

Halafu akaniambia kinachomsumbua. Kwamba akiacha kupika anaogopa watu watagundua wanaweza kula kwingine. Kwamba hajui yeye ni nani bila moto.

Nilimwambia mimi nilimwoa hajafungua mgahawa. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

Tulirudi Kewanja jioni ile. Hakubadilika siku moja, nisiwadanganye. Wiki nzima tulibishana. Mwisho akakubali kufunga baada ya chakula cha mchana. Ugali wa jioni kamwachia Mama Robi, jirani yetu, na kichuri pia, japo anasema Mama Robi anakichemsha haraka mno. Mara ya mwisho alipopimwa, presha ilikuwa imeshuka, na daktari akamuuliza amefanya nini. Akamjibu, "Nimelala."

Na chakula cha jioni nyumbani napika mimi. Wakurya wenzangu chekeni taratibu. Ugali wangu bado una madonge.

Sasa jibu la swali. Ndiyo, full board ni chakula kingi mno kwa watu wa kawaida. Kama mtakuwa barabarani mchana, chukueni half board, asubuhi na jioni vinatosha. Kama mmeshalipiwa, ongeeni na wahudumu siku ya kwanza, wapunguze. Na kula kwa kuwa kimelipwa hakurudishi kilicholipwa, kunakuongezea tumbo tu. Nimejifunza pia kwamba mtu aliyechoka usimjazie sahani kabla hujamuuliza ana njaa ya nini. Mimi nilichelewa kuuliza.

Juzi alasiri mchimbaji mmoja, mtu wa miraba minne, alikuja kugonga kwa nguvu akitaka chapati. Nikatoka nikamwambia Mama Chacha amelala. Akashusha sauti, akasema "samahani," akaondoka ananyata kwa yale mabuti yake. Kumbe watu wanaweza kunyamaza. Ni sisi hatukuwahi kuwaomba.

Karibuni mtoe uzoefu wenu, hasa waliowahi kuwapeleka wazazi au wake zao mapumziko, tuambiane mlifanyaje. Mawazo kuhusu madonge pia nayapokea. Nikichelewa kujibu, mjue niko jikoni.