Mahali pa Samaki Kugeuka

Jana binti yangu kaniletea pipa. Pipa la bluu la plastiki, yale ya kuhifadhia maji yakikatika. Kalishusha kwenye bajaji, kaliweka barazani, akaniambia, "Baba, samaki wako waingie humu. Kesho fundi anaanza msingi."

Nikalipima kwa mkono, nikaligeuzia mgongo. Wewe msomaji, kama hujawahi kufuga koi, wale samaki wa mapambo wa bwawani, utasema mzee kachanganyikiwa. Sawa, sema. Lakini mie pipa hilo nalijua tangu utoto, Mwananyamala, kwa bibi yangu.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo. Udongo wa kukandikia ulichimbwa hapohapo uani, kwa hiyo nyumba ikiisha, nyuma linabaki shimo. Majirani mashimo yao walijazia taka. Bibi la kwake alilipanua, akangoja masika, maji yakajaa, akaenda bondeni na tenga akarudi na perege wadogo kama vidole. Na hakupanua kwa futi wala kamba. Alipima kwa mimi.

"Mume wangu, lala humo," ananiambia. Nalala, udongo wa baridi mgongoni, juu naona mbingu kipande tu. "Haya, geuka." Nazunguka hivyohivyo chali, mpaka kichwa kifike kulipokuwa na miguu. Kisigino kikigusa ukuta, nafukuzwa nje na jembe linaanza tena. Jirani yetu, mama mmoja mchokozi hasa, alichungulia juu ya uzio wa makuti akauliza kama bibi anamchimbia mjukuu kaburi. Bibi hakuinua hata uso.

"Nawachimbia perege. Huyu nimemwazima urefu tu."

Perege hafiki urefu wa mtoto, hilo hata mie nililiona. Bibi alisema wewe usimpime samaki wa leo, mpime atakavyokuwa, halafu uwahesabu na wenzake. Samaki anayegusa ukuta kila akigeuka, alisema, siku moja ataacha kugeuka. Atasimama. Hilo ndilo lilikuwa neno lake, kusimama.

Basi kazi yangu asubuhi ilikuwa kupeleka pumba, na ukoko wa wali wa nazi uliobaki usiku. Mpaka leo nasikia ile sauti, maji yanachemka bila moto, midomo inapiga chwa chwa chwa, na nyuma yangu bibi anakuna nazi kwenye mbuzi. Nilikuwaga nakaa pale mpaka nachelewa shule, mwalimu ananichapa, kesho nachelewa tena. Shule yenyewe niliishia darasa la nne, na sijaja hapa kuomba msamaha.

Halafu mjomba akaoa, akataka chumba. Pa kujenga palikuwa pale kwenye shimo tu. Bibi alibishana naye wiki nzima, akashindwa, maana mwenye nyumba ni mwanamume, ndivyo walivyosema. Perege wakatiwa kwenye pipa la mafuta lililokatwa juu. Siku ya kwanza walizunguka. Siku ya pili nikawakuta wote wameelekeza midomo kwenye bati, hawaendi mbele wala nyuma, mapezi tu yanatetemeka. Nikawapelekea pumba, hakuna aliyekula. Bibi akaja, akachungulia. "Wamesimama," akasema, akaingia ndani. Yule jirani aliwataka awapike, bibi akakataa. Aliwafukia chini ya mpapai, na mpapai ule hakula tunda lake tena.

Mie nikakua nikawa mchimbaji. Visima, makaro, Dar hii nimeichimba kuanzia Mbweni mpaka hapa Gongo la Mboto, na kiwanja hiki nilikinunua kwa jembe. Koi nilipewa na mteja wa Mbweni, wadogo, unawashika kiganjani. Sikukurupuka. Nilichimba futi tano kwenda chini ili jua lisiwachemshe, na upana nikalala mwenyewe nikageuka. Sasa wana urefu wa mkono wangu. Koi mmoja wa hivyo anataka maji ya mapipa matano peke yake. Peke yake! Wangu wako sita, na nimeletewa pipa moja.

Simlaumu binti yangu. Ana watoto, mume hana kazi, na mie mgongo umekataa jembe. Vyumba vya kupangisha vitatulisha. "Baba, samaki hawalipi kodi," aliniambia, na ni kweli. Nimehangaika wiki nzima kuwatafutia pa kwenda. Yule wa Mbweni bwawa lake kalifukia, anaegesha magari. Mwingine ana tenki la kioo sebuleni, koi wangu akiingia mkia unabaki nje. Jirani wa mbele kaniambia niwakaange, akacheka. Sikucheka. Nilipita mpaka Mwananyamala, kama mjinga, kwenye uwanja wa bibi. Ukuta kwa ukuta, vyumba tu. Uzio wa makuti hakuna, mpapai hakuna, udongo wenyewe huuoni, ni zege mpaka mlangoni.

Leo asubuhi tumewahamisha. Bwawa likajazwa kifusi, fundi akavuta kamba za vyumba juu yake. Nikaingia kwenye chumba cha kwanza, nikalala chini kwenye mchanga, nikazunguka.

"Mzee, unapima kitanda?" fundi akauliza.

Kisigino kilikuwa kimegusa kamba. Nikamwambia aisogeze.

"Haisogei, mzee wangu. Ukisogeza hiki, unakula cha jirani."

Binti yangu akaja akanishika mkono taratibu. "Baba, inuka basi. Watu wanaangalia."

Nikainuka, nikajipangusa, nikaenda barazani na ukoko wangu kwenye sahani. Nikaumwaga pipani. Ukaelea. Yule mkubwa, mweupe mwenye kichwa chekundu, ameelekeza mdomo kwenye plastiki, mapezi yanatetemeka. Binti yangu akachungulia, akasema angalau wametulia.

Hakuna tena wa kumwambia neno la bibi akalielewa. Nikarudisha sahani jikoni.