Programu ya Dorotea, alama za wengine

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Dorotea Mashimba ameshafungua steshenari, amefuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi na sasa anasubiri kompyuta iwake. Ni kompyuta kuukuu, huwaka inapotaka. Mlangoni pana mzee mwenye barua ya kiwanja na kijana wa chuo mwenye karatasi nne zilizoandikwa kwa kalamu.

"Shikamoo baba, karibu uanze wewe," anasema Dorotea.

"Marahaba, mwanangu."

Kijana hana subira. Anapitisha karatasi zake juu ya bega la mzee. "Dada, yangu ni ya haraka. Usihangaike kusoma, wewe chapa tu."

Wewe chapa tu! Dorotea, mwenye umri wa miaka 28, ameyasikia maneno hayo kwa miaka sita katika kibanda hiki cha Mkolani, jijini Mwanza. Mwaka jana nusura yamfukuzishe kazi.

Steshenari iko jirani na chuo kimoja kinachofundisha kompyuta. Wanafunzi wengi hawana kompyuta zao, hivyo huandika programu kwenye daftari kisha humletea Dorotea azichape kwa shilingi 500 ukurasa. Mshahara wake ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Kusoma programu hakuna aliyemfundisha. Alichapa mpaka akaanza kuelewa, na alichokuwa hakielewi alikuwa akiwauliza wateja wenyewe.

"Nimechapa kozi nzima, tena mara sita," anasema huku akicheka. "Ng'ombe angekuwa ameshahitimu."

Siku moja mwezi Mei mwaka jana alikuja Venant, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mkufunzi alikuwa amewapa kazi ya kuandika programu ya kuzidisha matriksi nyingi kwa mfuatano. Matriksi ni jedwali la namba, lenye mistari ya kulala na ya kusimama. Sharti lilikuwa moja: wasitumie maktaba za nje, yaani programu zilizokwisha andikwa na watu wengine. Kila kitu waandike wenyewe.

Dorotea alichapa, kisha kwa udadisi wake akaiendesha. Likatoka jedwali la sifuri tupu. Akabadilisha namba. Sifuri tena.

"Nikamwambia, kaka, hii kitu haifanyi kazi. Akanicheka. Akasema, dada, haya mambo huyawezi, wewe chapa tu."

Aliyaweza. Siku tatu mfululizo, wakati wa chakula cha mchana, alikaa na ile karatasi na muhogo wake wa kuchemsha. Siku ya tatu akaliona kosa. Venant alikuwa ameanza na jedwali la sifuri, kama mtu anayejumlisha.

"Ukijumlisha unaanza na sifuri, sawa. Lakini ukizidisha ukaanza na sifuri, hata ulete namba za dunia nzima utabaki na sifuri yako," anaeleza. "Inabidi uanze na jedwali ambalo kwenye kuzidisha ni kama moja. Lina moja kwenye mshazari, kutoka kona hadi kona, kwingine kote sifuri. Hilo haliharibu kitu."

Kosa la pili lilikuwa mpangilio. Venant alidhani matriksi ni kama namba za kawaida, kwamba tatu mara nne na nne mara tatu ni mamoja. Dorotea, aliyelelewa na mama muuza dagaa, hakuhitaji kitabu. "Kuosha dagaa halafu ukawaanika, na kuwaanika halafu ukawaosha, ni kitu kimoja? Jaribu uone utakachokula."

Akaiandika upya. Herufi za Venant zilikuwa zinamchanganya, akaweka maneno yake: mfuatano wa matriksi akauita *tenga*, kama lile la dagaa la mama yake, na lile jedwali la kuanzia akaliita *mwanzo*. Programu ikatoa jibu sahihi.

Venant alishukuru kwa soda. Wiki hiyohiyo wenzake wakaanza kumiminika, na Dorotea akachapisha nakala thelathini na moja. Kila moja ilikuwa na jina la mwanafunzi wake juu. La Dorotea halikuwamo hata katika moja.

Mkufunzi wao, Projest Bagenda, alikutana na *tenga* na *mwanzo* mara thelathini na moja. Akamsimamisha Venant darasani amweleze kwa nini *mwanzo* ina moja kwenye mshazari. Venant akapekua daftari lake. Akamsimamisha wa pili, wa tatu. Hatimaye mmoja akaropoka: ni dada wa steshenari.

"Niliwakataza maktaba za nje, kumbe maktaba ilikuwa ng'ambo ya barabara," anasema mwalimu Bagenda. "Na sikatai, ile programu ilikuwa safi kuliko zote nilizosahihisha muhula ule."

Sasa sikia kilichofuata. Wanafunzi walipewa wiki mbili warudie kazi, yakaisha. Dorotea ndiye aliyeandikiwa barua! Chuo kilimtaka mwenye duka amdhibiti mfanyakazi wake "anayehujumu taaluma", na tangazo likabandikwa getini kuwakataza wanafunzi kwenda pale. Wateja walipungua karibu nusu kwa miezi miwili. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hapa alinyongwa, na haki yake wakapewa walionakili.

Dorotea anakiri kosa lake. "Ningemwelekeza Venant, nisingemwandikia. Hilo nalibeba. Lakini mwenye kuiba na mwenye kuibiwa, jamani, anafukuzwa nani?"

Mwezi Septemba mwaka huohuo alivaa gauni lake la kanisani, akaenda ofisi ya udahili ya chuo hichohicho na karatasi za programu mkononi. Aliomba nafasi ya kusoma kozi ya ngazi ya cheti. Ofisa alitazama matokeo yake ya kidato cha nne na kuona F ya hesabu.

F hiyo ina historia. Shule yake huko Misungwi ilikaa miaka miwili bila mwalimu wa hesabu. "Mtihani tulifanya kama wenzetu wa shule zenye walimu," anasema. "Hakuna aliyeweka alama ya huruma."

Aliwaomba ofisini wamuulize swali lolote kuhusu programu ile. Lolote! Ofisa akamrudishia karatasi zake bila kuzifungua. "Dada, sisi tunaangalia cheti," akamwambia, na kumwita anayefuata.

Dorotea hakulia pale ofisini. Alilia alipofika dukani, nyuma ya mashine ya fotokopi.

Tangazo la getini limefifia, na wanafunzi wamerudi. Barua ya mzee imekamilika, sasa ni zamu ya kijana mwenye haraka. Dorotea anapitisha macho kwenye karatasi ya kwanza, kisha anasogeza kiti.

"Kaa hapa, chapa mwenyewe. Ukikwama niulize, nitakueleza."

"Lakini dada, mimi nakulipa..."

"Basi nilipe kwa kukaa."

Kijana anakaa. Pembeni ya kibodi pana kitabu cha hesabu cha kidato cha nne, kimefungwa kwa gundi mgongoni. Dorotea amejiandikisha kurudia somo hilo Novemba hii kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anahitaji D.

"Nikiipata, nitarudi ofisi ileile na gauni lilelile," anasema. "Mkono huu cheti, mkono huu programu. Cheti wakitazame wapendavyo. Lakini sitoki mpaka waniulize swali."