Mbasa wa Polikarpo

Mwaka 1975 Polikarpo, seremala wa Temeke, alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu tangu aondoke Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na chumba kimoja, msumeno, na habari za mbasa.

Mbasa haishi kwingine ila ziwa lile. Ni samaki mrefu, mweupe kama fedha, na mvua zikianza hupanda mto Ruhuhu kutaga mayai. Hayo Polikarpo alimsimulia kila mara jirani yake Mfaume, Mzaramo aliyeuza changu na vibua sokoni.

"Mtani, huyo samaki yuko ziwani au kichwani mwako?" Mfaume alimcheka. "Nyie wa bara mnaokota vidagaa vya matopeni, mnaviita samaki!"

"Dada yangu Anjelina atamtuma. Ukimla, utafunga meza yako."

"Miaka yote hiyo anatumwa! Anakuja kwa miguu?"

Jumamosi moja kikapu kilifika kwa basi la Songea. Kwa furaha Polikarpo alimwalika Mfaume chakula cha mchana kabla hata hajakifungua. Alipokifungua, alimkuta samaki wa aina nyingine, aliyekaushwa kwa moshi, mfupi na mpana, pamoja na barua.

"Kaka, nimesubiri misimu miwili. Tangu tuhamishiwe kijiji kipya watu tumekuwa wengi, na nyavu zimeziba mto kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mbasa hapandi. Pokea huyu."

Angeweza kumwonyesha Mfaume barua ile. Lakini aliogopa kutamka kwamba mbasa hayupo. Akamvunja yule samaki vipande vipande, umbo lisionekane, akamuunga kwa nazi.

Mfaume alimaliza sahani yake. Kisha akalamba vidole.

"Nimeshindwa, mtani. Mbasa mtamu! Nisamehe kwa maneno yangu yote."

"Ongeza ugali," Polikarpo akajibu, macho yake kwenye sahani.

Tangu siku hiyo Mfaume hakumtania tena. Aliwaeleza wateja wake kwamba mbasa ni mpana, mnono, mwenye miiba minene. Polikarpo akipita, aliitwa athibitishe, naye aliitikia kwa kichwa.

Jioni alikaa peke yake kibarazani. Hakuwa tena na wa kumsimulia habari za mbasa, maana Temeke nzima ilikuwa ikimjua yule mpana.