Laptop ya Shangazi Siku ya Harusi

Shangazi yangu wa Gitega alikuwa akiniamini sana katika mambo ya kompyuta, na imani hiyo niliijenga mwenyewe kwa uongo mdogo mdogo. Nilisoma kozi ya wiki tatu katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania, tulikokulia, nikajifunza kuandika barua na kuichapa. Niliporudi kwetu Muyinga, Burundi, nikapata kazi ya ualimu huko Gasorwe, na kwa kuwa pale shuleni ni mimi tu niliyejua kompyuta inawashwa wapi, wakaanza kuniita mtaalamu. Sikuwasahihisha.

Mwaka huo binti yake alikuwa anaolewa Kanada. Akamtumia mama yake laptop kupitia mtu aliyekuja likizo, ili aitazame harusi moja kwa moja. Shangazi akaifunga kwenye kitenge na kuiweka kabatini miezi kadhaa, kama ndizi anazozivundika. Siku tatu kabla ya harusi akaitoa. Iliwaka vizuri, lakini haikufungua chochote cha mtandaoni. Akanipigia simu, akasema nisilete maelezo, nije.

Wiki hiyo mafuta yalikuwa adimu na magari machache. Nilitoka Muyinga Ijumaa asubuhi, nikafika Gitega jioni, mguu mmoja umekufa ganzi chini ya gunia la maharage la abiria mwenzangu. Shangazi alinipa chakula, akaniambia nilale, maana kesho kuna kazi.

Jumamosi nikaanza. Mtandao tuliupata kwa jirani, mzee Mwislamu wa asili ya Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye alitupa neno la siri la Wi-Fi yake bila kuuliza maswali. Nilizima laptop, nikaiwasha. Nikaifuta Wi-Fi ile kwenye orodha, nikaiunganisha upya. Ikasema imeunganishwa. Lakini kila ukurasa nilioufungua ulikataa, ukidai kwamba muunganisho si salama. Nikazima tena, nikawasha tena. Nilirudia hivyo mara saba, na kila mara nilikunja uso zaidi ili Shangazi aone utaalamu.

Mwishowe nikaenda dukani kumweleza mzee, kwa upole wa kialimu, kwamba mtandao wake una hitilafu. Alikuwa anaongea kwa video na ndugu yake aliye Dubai. Akanigeuzia simu, yule ndugu akanipungia mkono.

"Connexion iko, mwalimu," mzee akasema. "Shida iko kwa machine yenu."

Nilirudi nikamwambia Shangazi kwamba huenda ni virusi. Neno hilo limeniokoa mara nyingi Gasorwe. Yeye akauliza kama virusi hivyo vinaambukiza, kwa sababu wageni walikuwa njiani.

Wageni wenyewe walikuwa wenzake wa kwaya, wanawake tisa, na walifika saa tisa wamevaa imvutano zao, vitambaa vimefungwa begani kama wanaenda kumkabidhi bibi harusi kwa mikono yao. Harusi ilikuwa inaanza saa kumi kwa saa zetu. Tungeweza kutumia simu yangu, lakini kioo chake kilikuwa kimepasuka, na bwana harusi angeonekana vipande vitatu.

Saa kumi ikapita. Kiongozi wa kwaya akasema tuiombee mashine. Akaweka mkono juu ya kifuniko cha laptop, wengine wakaweka mikono begani mwake, nami nikafumba macho. Sioni haya kusema kwamba niliomba kwa bidii kuliko wote, kwa sababu ni mimi niliyekuwa naaibika. Sala ilikuwa ndefu. Ilipitia Kanada, ikarudi Burundi, ikawagusa viongozi, ikaanza kukemea roho za kuzuia mawasiliano. Hapo Shangazi akanivuta sketi.

Nilifungua jicho moja. Yake yalikuwa wazi yote mawili.

"Kwani leo ni mwezi wa kwanza?" akaninong'oneza, akielekeza kidole kwenye kona ya chini ya skrini.

Nikatazama. Tulikuwa Agosti, lakini laptop ilikuwa inaonyesha tarehe mosi Januari, ya mwaka ambao binti yake alikuwa bado hajapanda ndege ya kwenda Kanada. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa kule kabatini, na kurasa za mtandao haziipokei mashine isiyojua leo ni lini. Hilo nililijua. Niliwahi hata kulifundisha darasani, nikilisoma kitabuni. Asubuhi nzima nilikuwa naitazama ile kona bila kuiona.

Nikapenyeza mkono chini ya mikono ya watakatifu, nikarekebisha tarehe na mwaka, nikafungua kiungo cha harusi. Sauti ya kinanda ikalipuka katikati ya sala. Kiongozi wa kwaya akasema amina, na nyumba nzima ikapiga vigelegele.

Viapo tulikuwa tumevikosa. Tulichokuta ni mgongo wa padri, kofia ya mama mmoja aliyekaa mbele ya kamera, kisha binti mwenyewe, akigeuka kututafuta kwenye skrini yao. Alipomwona mama yake akaanza kulia, na Shangazi naye akalia, halafu akafuta machozi akamwambia kwa sauti ya kuvuka bahari kwamba gauni limeacha mabega wazi na huko kuna baridi.

Wanakwaya bado wanashuhudia kanisani kwamba laptop iliponywa. Nilipomuuliza Shangazi kwa nini hawaambii wenzake kilichotokea, alisema kwamba angelazimika kwanza kueleza kwa nini hakufumba macho.