Damu ya Mama Neema

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kimoja cha afya kule Ikola, Mkuu wa Maabara alinikabidhi koti jeupe lililonizidi mikono, akanionyesha darubini, akasema, "Binti, wagonjwa watakudanganya na ndugu zao watakudanganya. Damu haidanganyi." Nilimwamini. Kwa miaka mingi nilitafuta vijidudu vya malaria kwenye vioo. Vikiwepo nilisema vipo, visipokuwepo nilisema havipo, nikadhani kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Kichwa kilianza kuniuma nilipohamishiwa hospitali moja ya Mpanda mjini, iliyokuwa na mashine ya kemia. Mashine hii hupima vimeng'enya, yaani vitu vinavyofanya kazi ndani ya seli na kuvuja kwenye damu seli zikiumia. Kimoja huitwa AST. Kikipanda tuliwaza ini, na tukiwaza ini tuliwaza pombe.

Ndipo akaja Baba Neema, mkulima wa mpunga kutoka Kakese na mzee wa kanisa, tena kanisa ambalo hata komoni, pombe yetu ya kienyeji, halitaki kuisikia. Alikuja na homa tu, ila daktari akaagiza na vipimo vya ini. AST ilikuwa juu. Daktari akamshauri kwa upole aache pombe, mkewe akiwa amekaa palepale. Baba Neema akaapa kwamba hajawahi kuionja. Alipopumzika nyumbani na kurudi, ilikuwa imeshuka. Akaenda kuvuna, ikapanda tena. Mama Neema hakuhitaji kuelezwa, maana wakati wa mavuno ndipo wanaume wa kwao hulewa. Akafunga mizigo ahamie kwa kaka yake, na wazee wa kanisa wakaanza kumtazama Baba Neema kwa jicho la pembeni.

Kabla ya kuondoka, Mama Neema alinijia kwenye dirisha la maabara, miguu bado ina vumbi la shamba.

"Dada, nipime na mimi," akasema. "Nataka aone damu ya mtu asiyekunywa inavyokuwa."

AST yake ilikuwa juu kuliko ya mumewe. Nilichanganyikiwa. Nilidhani nimebadilisha vichupa, nikarudia, jibu likawa lilelile. Nikapima kontroo, majimaji ambayo jibu lake linajulikana tangu kiwandani, kisha nikapima damu yangu mwenyewe. Mashine ilikuwa nzima. Nilimpelekea majibu Mganga Mfawidhi, mkuu wetu pale hospitali, naye akayasoma mara mbili. Baadaye akamwita Mama Neema na mumewe, akamwuliza mama juzi alikuwa akifanya nini. Akajibu alikuwa akipiga mpunga na kubeba magunia, sawa na mwenzake.

Mganga Mfawidhi akaagiza kipimo cha CK, kimeng'enya ambacho makao yake makubwa ni misuli. Cha wote wawili kilikuwa juu sana. Alitueleza kwamba nyuzi za misuli zikichanika kwa kazi nzito humwaga CK kwenye damu, na AST nayo hufuata, kwa kuwa haikai kwenye ini peke yake.

"Kwa hiyo na mimi nimelewa, dokta?" Mama Neema aliuliza. Hatukucheka.

Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nilikwambia," akasema taratibu. "Wewe ukasubiri damu ndiyo iseme."

Mizigo ikafunguliwa, na kanisani mzee akarudishiwa heshima yake.

Sasa nimestaafu, nalima kashamba kangu Ilembo, na nyie vijana mnaoingia maabara mkiniuliza, nitawaambia bado sielewi mengi. Niliwaona watu waliolia kuumwa mwili mzima huku CK yao imetulia. Mama Neema alikuwa na CK ya kutisha na hakuwa akiumwa popote.

Nilikutana naye sokoni majuzi. Akanivuta kando, akaniuliza kama naona mumewe alimsamehe kweli. Ananiuliza mimi, kana kwamba ningemtoa mzee wa watu damu nikalisoma jibu humo. Nikamwambia akamwulize mwenyewe. Akasema ameshamwuliza, na amejibiwa kwamba amesamehewa zamani, ila hajui kama amwamini.