Filimbi Yangu Kwa Wazee wa Lambwe

Jamani, wacha nijicheke mimi kwanza. Miaka ile ya sitini nilitoka Isebania na darasa la sita ambalo sikumaliza. Afisa mmoja wa maendeleo akanipa filimbi na kazi huko Lambwe, kwa Wajaluo: nifanyishe wazee mazoezi, nijue ni zoezi gani linawafurahisha. "Ijumaa nakuja kuona. Nikiwakuta wamenuna, unarudi kwenu."

Kuinama na kugusa vidole, walinuna. Kuruka, walinuna zaidi. Kutembea mpaka mtoni walikubali, lakini mzee Odera akaniambia, "Mwalimu, huko mimi huenda hata bila wewe."

Sasa nini kinafurahisha mzee? Nililala na hilo swali siku nne.

Ijumaa, mimi na Afisa tukaona vumbi. Wazee wangu wote wanakimbia na ng'ombe, wanaruka, wanaimba kwa nguvu, majani kichwani, mikuki juu! Kumbe ni mbio na nyimbo! Mimi Mkuria, nikajua nimepata jibu. Nikakimbia mbele yao na filimbi: "Moja, mbili! Magoti juu!"

Wimbo ukakatika.

"Jaduong'," nikamwita Odera, vile Wajaluo huita mzee, "mwambie Bwana Afisa vile umefurahi!"

Odera akapangusa macho. "Ndugu yangu alikufa jana. Hii ni desturi yetu, tunafukuza kifo kitoke kwa boma lake. Sasa wewe, mwalimu, unakipigia filimbi kirudi?"