Kikwembe cha Chini

Mwezi wa tisa hapa Kasongo hauna adabu. Asubuhi ukungu unapanda kutoka Lualaba na baridi inakuingia hadi kwenye meno. Saa sita jua linakupiga utosini, na alasiri mvua inaingia bila hodi. Watu husema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nimelowa mara nyingi chini ya mbingu safi, kwa hiyo maneno hayo nawaachia wanaoshinda ndani.

Nauza nguo za balo sokoni, zile zinazofika zimefungwa kwa kamba na kunuka dawa. Sasa niambie, muuza nguo akikaa nyuma ya meza yake amevaa ovyo, nani atanunua kwake? Mimi navaa. Nilianza kuvaa kabla sijajua kusoma, na sioni aibu kusema kwamba napenda kutazamwa nikipita. Mwezi wa tisa ndio mwezi wangu, maana ndio mwezi ambao nguo moja haitoshi na nguo tano hazizidi.

Kwanza kikwembe cha chini, yaani kitambaa cha kujifunga kiunoni. Hicho kiwe cha pamba, cha zamani, kilichofuliwa mpaka kikalainika, kwa sababu ndicho kinachokunywa jasho na kushika joto. Kizuri hakifai hapo. Juu yake unafunga kikwembe kinachofanana na libaya yako, ile blauzi, halafu kingine kiunoni, na hicho cha juu unakipandisha kidogo ili rangi ya kile cha kati ichungulie kwenye pindo. Ichungulie tu, isijimwage. Juu ya libaya unavaa koti, shingoni fulare, kichwani kitambaa. Jua likitoka unavua kimoja unakibeba mkononi, na bado umependeza, kwa sababu kilichobaki nacho kilipangwa. Kuna kanuni moja tu: kile cha chini hakionwi na mutu.

Changu cha chini kilikuwa na viraka kwenye magoti. Mgongo wangu haukubali kuinama, basi nikienda kufua mtoni napiga magoti kwenye jiwe, na jiwe halina huruma na kitambaa. Nilikishona, kikachanika pembeni ya kiraka, nikakishona tena. Kilikuwa na doa la mawese pia, kubwa, karibu na paja. Nilikipenda jinsi mtu anavyompenda ndugu ambaye hamtambulishi kwa wageni.

Nina kijana niliyemlea, mtoto wa marehemu kaka yangu. Alipopata mchumba kule Kabambare, mbele kidogo ya Lusangi, kwa watu wanaolima, nilifurahi hadi nikakosa usingizi. Angemleta binti nyumbani, kwenye parsele yangu, chumba cha upande wa mbuyu wa maji ya mvua, yaani lile pipa letu tunaloliita hivyo kwa ukubwa wake. Mahari ikaenda, ikapokelewa. Halafu bibi yake yule binti, mama ya baba yake, akatuma neno. Alikuwa amenisikia. Mtu fulani alikuwa amemsimulia jinsi ninavyobadilisha nguo asubuhi, mchana na jioni. Bibi hakukasirika, aliuliza tu: "Izo nguo zote, nani anazifua?"

Lile swali lilinichoma. Kila mtu alielewa maana yake. Bibi alikuwa anaogopa kwamba tunamchukua mjukuu wake aje kuwa mfuaji wa mama wa mjini. Na alikuwa amesema wazi kwamba siku ya kumchukua atasimama mlangoni, na akiona hapendi, mtoto atarudi ndani. Kwao binti aliyeogeshwa na kupakwa mafuta akishatoka mlangoni hageuki. Akigeuka, safari hiyo imekufa, na hakuna anayejua kama itafufuka. Ningejibu nini? Kwamba nafua mwenyewe? Hata mwizi husema analima mwenyewe.

Siku ya kwenda nilivaa, tena nilivaa kuliko siku zote. Kijana wangu alinitazama akashika kichwa. "Shangazi, si uvae kidogo tu leo? Kwa ajili ya yule bibi."

"Nikivaa kidogo atasema nimejificha," nilimwambia. "Anioe kama nilivyo, au asinioe."

"Wa kuolewa si wewe."

"Nyamaza, kapande pikipiki."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Jirani zangu wawili walipanda pamoja, kila mmoja na kikwembe kimoja, libaya na kitambaa cha kichwa, wanatetemeka, na bado wananicheka mimi. Mwenye pikipiki yangu alinizunguka mara moja akauliza, "Mama, ndani ya nguo hii yote, mutu iko wapi?" Nilimjibu kwamba mutu iko, awashe pikipiki. Nyuma yetu alikuja binamu yangu na gunia la vikwembe vipya.

Lile gunia ndilo lilikuwa roho ya safari. Kwao binti hakanyagi chini anapotoka kwa mama yake. Wanawake wa upande wa mume wanamtandikia vikwembe kutoka mlangoni mpaka pale anapopandia, na kila anachokikanyaga, wanawake wa kwao wanakiokota nyuma yake, kimekuwa chao. Hukiokoti wewe ukakirudisha mbele. Ukifanya hivyo wataimba jina lako kijijini hadi wajukuu zako wazeeke.

Barabarani mambo yalikwenda vizuri. Ukungu ulipotoka nilivua fulare, jua lilipopanda nikavua koti, na jirani zangu walikuwa wameacha kutetemeka na kuanza kuungua mabega. Baada ya Lusangi mvua ikashuka, nikavaa vyote tena. Sisi tulikuwa tumekwisha kuvuka kijito. Binamu yangu alikuwa hajavuka. Alimpigia kelele mwendesha baiskeli aliyekuwa upande wetu, naye akatuletea neno: maji yamepanda, daraja la miti limekwenda, yeye na gunia wako ng'ambo, wazima, wamekaa chini ya turubai la mtu.

Na binti alikuwa tayari yuko mlangoni.

Mvua ilikuwa imekatika. Uwanja wao ni udongo mwekundu, na ulikuwa umelainika hata pikipiki zilikataa kuingia, zikabaki barabarani. Bibi alisimama pembeni ya mlango na fimbo, mtu mfupi, mkavu, amejifunga shuka ya zambarau mabegani. Alinitazama toka kitambaa cha kichwa hadi kwenye pindo lililochungulia. Nilimwamkia kwa magoti, akaitika, akaendelea kunitazama. Kijana wangu kule barabarani alikuwa amekunja mikono nyuma ya shingo. Niliogopa kweli. Sijawahi kuogopa hivyo sokoni wala hospitalini.

Jirani zangu walivua vitambaa vya kichwa wakatandika. Vilikwisha kabla binti hajafika katikati ya uwanja. Wakanigeukia. Wale wale walionicheka asubuhi.

Nikaanza. Kikwembe cha juu nilikifungua, nikakitupa mbele yake, akakanyaga, shangazi zake wakakinyakua na vigelegele. Nikavua koti. Koti lile nilikuwa nimelichagua mwenyewe kwenye balo, la rangi ya kahawa, lenye kitambaa cha kung'aa kwa ndani, na nilikuwa nimekataa kumuuzia mke wa mtu mkubwa. Nililitazama kidogo, kisha nikalilaza kwenye tope, upande wa ndani chini. Akakanyaga kwa unyenyekevu, binti wa watu, kama mtu anayepita juu ya mgonjwa. Likaenda. Fulare ikaenda, ikatosha mguu mmoja. Kitambaa cha kichwa, cha hariri, kikatosha wa pili. Barabara ilikuwa pale pale, tunaiona, na binti amesimama kwa vidole juu ya hariri yangu, anasubiri.

Kilichobaki kilikuwa kile kikwembe cha libaya, na chini yake kile kingine.

Nilijiambia, leo nimekwisha. Miaka yote hii nimetembea Kasongo kichwa juu, na hawa watu ambao hawanijui ndio watakaokiona. Nilimtazama kijana. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama miguu ya mchumba wake. Nikafungua fundo.

Kikwembe cha libaya kikaenda. Nikabaki nimesimama katikati ya uwanja wa wakwe, kichwa wazi, libaya nzuri ya kijani juu, na chini viraka vyangu vya magoti na doa langu la mawese. Mtoto mmoja alicheka. Vigelegele vilipungua. Na bado hatua moja ilikuwa imebaki mpaka kwenye majani ya kando ya barabara. Nilishika vifungo vya libaya, nikakumbuka kuna wanaume, nikaviacha.

Bibi akaja. Alitembea polepole kwenye tope, fimbo inazama, akafika mbele yangu na kuinama. Nilidhani ameanguka. Alikuwa anashika kikwembe changu pale kwenye magoti. Alikipapasa kiraka, akapapasa kiraka kilichoshonwa juu ya kiraka. Akageuza mkono wangu akatazama kiganja.

"Unafulia kwenye jiwe," alisema.

"Ndiyo, mama. Mgongo unakataa."

"Nguo zile zote?"

"Zote. Nani mwingine azifue?"

Aliuachia mkono wangu. Kisha aliivua ile shuka ya zambarau mabegani, yeye, mtu wa upande wa binti ambaye hakupaswa kutandika hata uzi, akaitupa kwenye ile hatua ya mwisho.

"Mutu iko," aliwaambia watu wake. "Mulikuwa munaniambia nguo tu. Pita, mutoto wangu."

Binti akapita. Nililia bila kujificha, na baridi ya jioni ikanikamata, maana nilikuwa sina koti wala fulare wala kitu. Kijana wangu alinivisha jaketi lake la pikipiki, linanuka mafuta, halifanani na kijani hata kidogo. Nililivaa mpaka Kasongo, hata usiku tulipongoja maji ya kijito yapungue.

Siku hizi tunaamka watu wawili kupanga nguo za mwezi wa tisa. Binti ana jicho, rangi zake zinachungulia kuliko zangu. Jumamosi tunaenda mtoni, yeye anasimama, mimi napiga magoti, kila mmoja anafua zake. Juzi alikuta kikwembe changu kimechanika tena pembeni ya kiraka, akakichukua bila kuniuliza. Alikirudisha jioni kimeshonwa vizuri. Kwenye goti la kushoto alikuwa ameweka kipande cha shuka ya zambarau.